Tupeane uzoefu: maktaba ya umma ilikufaa nini wewe?

Mwana Manzese

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa kwenye daladala Barabara ya Bibi Titi Mohamed, foleni haisogei, nikabaki nimeikodolea macho Maktaba Kuu ya Taifa mpaka konda akaniuliza kama nashuka. Nimeona nianzishe uzi huu.

Mwaka 2008 nilifeli kidato cha nne. Nyumbani Manzese tulikuwa na chumba na sebule, watu saba. Mwaka uliofuata nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila pa kusomea sina. Asubuhi mama anakaanga maandazi mlangoni, jioni redio ya jirani, usiku wadogo zangu wakilala taa inazimwa. Jamaa mmoja wa mtaani akaniambia, "Nenda maktaba, kule meza ipo."

Mimi nilidhani kule ni kwa watu wa chuo. Nikafika, begi likabaki mlangoni, nikapewa kibao cha namba, nikaingia na daftari mbili na kalamu. Ile meza! Unaweka kitabu, unaweka daftari, unaweka viwiko vyote viwili na nafasi bado imebaki. Nyumbani nilikuwa naandikia gotini. Siku hiyo nilikaa na hesabu za logi tangu asubuhi mpaka tukatangaziwa wanafunga.

Kulikuwa na mama mmoja mkutubi. Aliniona nahangaika na kitabu cha Biolojia kilichopitwa na mtaala, akanichukua hadi rafu nyingine, akanitolea kinachofaa. Hakuniuliza nilifeli au nilifaulu. Ndiye aliyenieleza kwamba sheria iliyoanzisha huduma za maktaba nchini ni ya 1963, na kwamba jengo lile Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1967. Hebu fikirieni: sheria ile inapitishwa uhuru una miaka miwili tu, hospitali hazitoshi, barabara hakuna, na bado waliona mtoto wa maskini anahitaji meza. Jambo hilo huwa linanigusa sana.

Mtihani nilipita. Leo nafanya kazi maabara ya hospitali.

Karibuni. Kwamba maktaba ni muhimu tunajua wote. Tuambie wewe ilikufaa nini.

Binti wa Tana

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi nimekulia upande wa Garissa, na maktaba yetu ilikuwa inakuja kwa miguu.

Huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kutumia ngamia kule kwetu mwaka 1996, kwa sababu gari la vitabu haliwezi mchanga ule na watu wenyewe wanahama na mifugo. Ngamia wanakuja watatu. Mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mmoja hema, mmoja vyombo vingine. Sisi watoto tulikuwa tunawaona kwa mbali, tunakimbia. Hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, masanduku yanafunguliwa, na vitabu vina vumbi la safari, unavipangusa kwa kanga ndipo unafungua.

Unaazima, wanarudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo kitabu kilikuwa hakilali. Nasoma mimi, anasoma kaka yangu, halafu usiku namsomea mama ambaye hajawahi kukanyaga darasa. Kuna hadithi moja ya Kiswahili ya sungura na kisima ambayo mama aliishika yote kichwani, na hadi leo anawasimulia wajukuu zake akifuata maneno yaleyale ya kitabu.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mzee wa Gazeti

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Mimi nimestaafu 2016. Kila siku ya kazi naenda maktaba ya mkoa kusoma magazeti, nafika kabla ya saa nne. Tuko wazee watano. Mwenzetu asipoonekana siku mbili, tunakwenda kwake kumjulia hali. Mwaka jana tulimkuta mmoja ameanguka sukari yuko peke yake ndani, tukamuwahisha hospitali. Yuko hai.

Mkutubi Mstahimilivu

Mzee wangu, marahaba nyingi hapa zinakuhusu wewe, shikamoo.

Niseme kutoka upande wa pili wa dawati. Nilisomea Bagamoyo, chuo cha ukutubi na nyaraka, nikapangiwa wilayani. Chuoni nilifundishwa kupanga vitabu kwa namba, fasihi ya Kiswahili 896.392 na kadhalika. Nilipofika kituoni nikakuta watu wachache sana wanauliza kitabu kwa jina. Wanakuja na shida. Kijana anataka kuombea kazi mtandaoni na hajawahi kushika kompyuta. Mzazi ameletewa fomu ya mkopo wa chuo, haielewi. Mjane anauliza mirathi inafunguliwa wapi.

Siku moja akaja mama, kanga imelowa mvua, akasimama mlangoni anaogopa kuchafua sakafu. Nikamwita aingie. Akaniambia, "Mwanangu, kuku wangu wanapinda shingo, wanakufa." Tukatafuta pamoja, tukapata kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji kwa Kiswahili. Nikamsomea ukurasa wa kideri, ndio ugonjwa wenyewe. Waliokwisha kuugua hawana dawa, ila wazima wanakingwa kwa chanjo ya matone: tone moja jichoni, kisha unarudia kila miezi mitatu. Nikamwandikia jina la chanjo kwenye karatasi aende nalo kwa bwana mifugo.

Baada ya wiki tatu hivi alirudi na wenzake wanne. Walitaka nisome ukurasa uleule, kwa sauti, na polepole. Sheria ya ukimya siku hiyo niliiweka pembeni.

Dereva Boda

Nitasema na machungu, mnisamehe. Mji nilikokulia maktaba ilikuwepo, lakini kuazima kitabu ulitakiwa uwe na mdhamini mwajiriwa. Baba yangu alikuwa anapasua kokoto. Nani wa kunidhamini? Nikawa nasoma palepale, nikifika ukurasa wa 60 wanafunga, kesho nakuta mtu mwingine amekiazima. Riwaya moja niliifuatilia miezi mitatu. Wenye hela waliisoma kwa siku mbili kitandani kwao.

Mkutubi Mstahimilivu

Kaka Dereva, umesema kweli na inauma. Hofu ni kitabu kupotea, maana kikipotea kipya hakiji leo wala kesho. Kwetu tulikwenda kwa walimu wakuu, wakakubali shule iwadhamini wanafunzi wake. Kwa miaka miwili havijafika vitabu kumi vilivyopotea. Mtoto wa mpasua kokoto anatunza kitabu kuliko yeyote.

Wa Uvira

Mimi ni Mkongomani wa Uvira, niko Kentucky, Marekani, na familia. Tulifika 2014. Kadi ya kwanza kupewa nchi hii yenye jina langu, bila kulipa hata senti, ilikuwa ya maktaba. Mke wangu alianza Kiingereza palepale, darasa la jioni la bure, watoto wakiwa chumba cha pili wanasomewa hadithi. Mwaka 2019 tukajiandaa kwa mtihani wa uraia: wakati huo maswali ya kusoma yalikuwa 100, siku ya mtihani ulikuwa unaulizwa hadi 10, ukipata 6 umepita. Kila Jumamosi tulikuwa tunaulizana, yeye ananiuliza mimi, mimi namuuliza yeye. Tulipita wote wawili. Yeye hakukosa hata moja.

Wa Kaloleni

Babu yangu alikuwa tarishi Nairobi enzi za mkoloni. Alikuwa anatumwa kurudisha vitabu vya bosi wake pale McMillan, ile maktaba ya 1931 yenye simba wa mawe mlangoni. Mwafrika haruhusiwi kuwa msomaji. Anakabidhi, anaondoka. Nilimpeleka mwenyewe akiwa mzee sana. Alipita katikati ya wale simba, akakaa kiti cha kwanza alichokiona, akavua kofia. Hakuomba kitabu. Alikaa tu karibu saa nzima.

Kidato Tena

Samahani wakubwa, mimi niko Mbagala, mwakani narudia mtihani. Nyumbani kama kwa Mwana Manzese tu. Mtu anaingia tu pale Bibi Titi au lazima uwe na mtu unayemjua?

Mwana Manzese

Mdogo wangu, huhitaji kumjua mtu. Mlangoni waulize ada na utaratibu, watakuelekeza. Nenda asubuhi na mapema maana karibu na mitihani viti vinajaa. Beba daftari, kalamu mbili na maji ya kunywa ukitoka nje. Jumamosi hii siko zamu. Nipigie hodi sanduku la ujumbe, nitakusubiri mlangoni.