Naomba ushauri: mzazi anaacha dawa bila maelezo

Habari zenu walezi wenzangu, wakubwa shikamooni.

Nalea watoto sita nyumbani kwangu Mbagala, tangu alfajiri mpaka mama zao watoke kazini. Juzi mama wa mtoto wa mwaka na nusu kaniachia dawa ya homa kwenye kichupa kisicho na lebo. "Akichemka mpe kijiko," kasema, akakimbilia daladala. Kijiko kipi? Na usiku alishampa au bado? Kama ni parasetamo, mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na ikizidi inadhuru ini.

Saa tano kipimajoto kikasoma 38.6. Nikampigia mama, simu imezimwa, maana kiwandani kwao simu zinabaki getini. Dawa sikumpa. Nilimpunguza nguo, nikawa namnywesha maji kidogo kidogo, nikamtenga na wenzake. Mama alipopatikana saa nane alinifokea kwamba nimemwacha mwanawe ateseke. Iliniuma sana, nampenda yule mtoto.

Sasa nimefungua daftari: jina la dawa, kipimo, saa aliyopewa mara ya mwisho, sahihi ya mzazi. Wawili wamekubali, wengine wanasema nawachelewesha.

Naombeni mnisaidie. Ruhusa ya dawa mnawaandikisha vipi wazazi bila kuwakwaza? Na homa ikipanda huku mzazi hapatikani, mnampeleka mtoto zahanati wenyewe, au mnakuwa mmeshaandikiana na mzazi ndugu mwingine wa kupigiwa?

Asanteni, nasubiri.