Nira inawezaje kumpumzisha mtu aliyechoka?

Muulizaji: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika Mathayo 11:28-30 Yesu anawaita wote wasumbukao na kulemewa na mizigo, anaahidi kuwapumzisha, kisha papo hapo anawaambia wajitie nira, ambayo ni chombo cha kazi. Mimi nimechoka, na uchovu wangu hauishi kwa kulala. Upole na unyenyekevu vinahusianaje na raha ya nafsi?

Jibu la kwanza: Ndugu, Bwana hakuahidi kutuondolea kazi; alitueleza yeye mwenye nira ni wa namna gani: "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo". Mlinganishe na waandishi na Mafarisayo wa Mathayo 23:4, waliowatwika watu mizigo mizito huku wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Ahadi ya raha nafsini imo pia katika Yeremia 6:16, na huko wanaoahidiwa wanatakiwa waende katika njia iliyo njema. Ni raha ya mtu aliye safarini.

Jibu la pili: Naomba niongeze 1 Petro 5:6-7. Wengi wetu huinukuu aya ya 7 peke yake, ilhali sentensi inaanzia aya ya 6 kwa neno "nyenyekeeni", ikaendelea "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Hiyo "huku" ni ya thamani sana kwangu, kwa kuwa inaonyesha kwamba kumtwika Mungu fadhaa ni sehemu ya kunyenyekea kwenyewe. Kwa muda mrefu niliomba huku nimeung'ang'ania mzigo, nikitaka nionekane nauweza. Siku nilipokiri mbele za Mungu kwamba mambo ya nyumba yangu yamenishinda, hayakubadilika, lakini nilianza tena kupata usingizi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Hata hivyo naogopa kwamba mtu mpole hukanyagwa.

Jibu la tatu: Mpendwa, Hesabu 12:3 inasema Musa alikuwa mpole kuliko watu wote, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao. Katika sura hiyo hiyo Miriamu na Haruni wanamnena vibaya, wala hatusomi kwamba alijitetea. Bwana ndiye aliyemtetea, na Miriamu alipopigwa ukoma, Musa alimlilia Mungu amponye. Nadhani sehemu kubwa ya uchovu wetu hutokana na kulinda jina letu mchana na usiku. Usiku wa leo soma polepole Zaburi ya 131, ambayo ina aya 3 tu, ukaitazame picha ya mtoto aliyeachishwa kunyonya: yuko kifuani pa mama yake, wala halilii tena maziwa.