Nesi aliyesomeshwa na kaunti: aachwe aondoke?

Mwana Pate: Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021, kila mwenye diploma ya uuguzi macho yako ng'ambo. Aliyesoma kwa basari ya kaunti atumikie miaka 5 kwanza. Shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku. Zahanati ina kufuli, nesi keshaenda zake Saudia. Upepo wa kusi umekaza, hakuna nahodha wa kututoa kisiwani. Mama mkwe alimshika mkono mpaka alfajiri, taa ya simu ndiyo mwanga wetu. Na wauguzi wanaoletwa ni wa bara tu, maana vijana wa Lamu shule hawaitaki.

Binti Langoni: Hawaitaki? Kaka, lifute neno hilo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014 serikali ilipiga marufuku kuvua usiku. Babangu ni mvuvi. Karo angeitoa wapi? Aliuza mashua nikasome. Basari sikuiona hata senti.

Mwana Pate: Sikukusema wewe, dada.

Binti Langoni: Umesema vijana wa Lamu. Mimi ni nani?

Nesi wa Bara: Na mimi ndiye huyo "wa bara tu". Miaka 8 niko visiwani, watoto niliowapokea sasa wanasoma madrasa. Mwaka 2017 tuligoma miezi 5, tukaitwa wauaji. Mkataba mnaoutaja ulilenga wauguzi wasio na kazi. Wako nyumbani na vyeti vyao, na zahanati ina kufuli. Nani kamfukuza nani?

Mkunga Mstaafu: Wanangu, afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mwulizeni mwajiri, msimfunge mtoto wa watu kamba.

Mwana Pate: Bi, nakuheshimu, lakini hela za basari ni zetu sote.

Binti Langoni: Zetu kina nani? Taja mtu mmoja wa Langoni aliyeipata.

Mwana Pate: Wapo.

Binti Langoni: Mtaje.

Nesi wa Bara: Kaka wa Pate, mzazi yule aliokoka?

Mwana Pate: Yuko hai. Mtoto tulimzika kabla ya adhuhuri.

Binti Langoni: Innalillahi. Poleni sana. Lakini neno lile bado hujalifuta.