Mluzi wa TV za chogo, chenga na kaseti kutafunwa: wanaojua njooni mtoe maelezo

chenga_tupu

Wakuu salama humu? Kuna ubishi nyumbani naomba mnisaidie kuumaliza. Nilimwambia mdogo wangu (huyu wa juzijuzi, amekuta kila kitu ni bapa na hakina waya) kwamba TV za chogo zilikuwa zinapiga mluzi, yaani hata sauti ikizimwa kabisa na wewe uko chumba cha pili unajua tu kuna mtu kawasha TV, kamluzi kembamba kanachoma masikio. Akacheka sana, eti kila kizazi kinajitungia maajabu yake. Kilichoniumiza ni mzee, ndiye aliyeinunua ile TV na ndiye aliyekuwa anakaa mbele yake kuliko wote, naye anasema hajawahi kusikia mluzi wowote. Nimebaki peke yangu na mluzi wangu.

Tukaingia kwenye mengine, vinyweleo vya mkono kusimama ukisogea karibu na kioo, zile chenga kituo kikifunga matangazo, betri za redio kuwekwa juani zikapata nguvu upya, hapo dogo ndo akakataa kabisa akasema betri sio nguo hadi uianike. Wanaojua vifaa vya zamani nielezeni, haya mambo yalikuwepo au kumbukumbu inanichezea? Na kama una la kwako limwage hapahapa.

kitinda_mimba

Ngoja nikae kwa mbele wajuzi waje. Mimi ninachokumbuka ni kwamba rimoti ya nyumbani nilikuwa mimi. Ukizaliwa wa mwisho kazi yako ni kusimama, kubadilisha chaneli, kurudi kukaa, kabla hujakaa vizuri unaambiwa rudisha ile ya kwanza.

fundi_spika

Mkuu chenga_tupu mluzi ulikuwepo, na mzee wako naye hakudanganyi, wote mko sahihi.

TV ya chogo inachora picha kwa mistari. Kwenye PAL, mmoja wa mifumo ya kurusha picha za TV, picha moja ina mistari 625 na kwa sekunde moja zinapita picha 25, zidisha hapo unapata mistari 15,625 kila sekunde. Sasa nyuma kule kuna kitu mafundi tunaita flaibaki, ni transfoma inayofanya kazi kwa mwendo huohuo wa mistari, vyuma na nyaya zake zinatetema mara 15,625 kwa sekunde na mtetemo huo ndo mluzi wenyewe. Sikio la mtoto linapata sauti za juu mpaka kama 20,000 hivi, lakini umri ukienda zile za juu ndo za kwanza kupotea. Kwa hiyo watoto nyumba nzima wanasikia, wazee hawasikii kitu, na ukimwambia mzee TV inalia anakuona una matatizo. Hata wewe ukiikuta leo inawezekana usisikie.

Vinyweleo ni hiyohiyo flaibaki. TV ya rangi inahitaji volti 20,000 na zaidi ndani ya kioo ili ule mwale wa elektroni ukimbie kutoka kwenye chogo mpaka mbele, na kioo kinabaki na umeme tuli kwa nje. Ndo maana pia vumbi lilikuwa linaganda pale kuliko kwenye fanicha zote. Na mkikuta TV ya hivyo imetupwa stoo tafadhali msiifungue kwa ushabiki, kile kioo kinahifadhi umeme hata kikiwa kimechomolewa siku nyingi, kinaweza kukurusha.

Kitu kingine hamjakitaja, kuna wale walikuwa wanaleta sumaku ya spika mbovu wanaisogeza kwenye kioo picha inageuka kijani na zambarau. Sumaku inapotosha mwale unapiga rangi isiyo yake. Ule mlio wa “dhuuum” ukiwasha TV ni koili iliyozungushwa kwenye kioo inafuta usumaku, ila kama mtu amezidisha utundu yale madoa yalikuwa yanakaa wiki nzima na kila mtu nyumbani anajua nani kafanya.

kitinda_mimba

Daah, kumbe zile rangi zilikuwa zinapona zenyewe. Fundi endelea mkuu.

antena_ya_dirishani

Nikuongezee kwenye chenga. Chaneli ikiwa haina kituo TV inaonyesha makelele yoyote inayoyapata, mengi ni ya mitambo yake yenyewe na injini na nyaya za umeme za karibu. Ila kuna kipande kidogo sana ndani ya zile chenga ni mnururisho uliobaki tangu ulimwengu unaanza, uligunduliwa 1965 na wanasayansi Penzias na Wilson, walikuwa na antena kubwa inayotoa kelele zisizoisha wakahangaika nayo mpaka kinyesi cha njiwa wakakisafisha wakidhani ndo tatizo. 1978 wakapewa tuzo ya Nobel. Sisi tulikuwa tunaipiga TV kofi.

Na kushika antena picha ikatulia sio uchawi, mwili wako unapitisha mawimbi ukawa sehemu ya antena. Shida ni kwamba ukiachia tu inaharibika, unaambiwa baki hapohapo mpaka taarifa ya habari iishe na wewe huioni maana uko nyuma ya TV.

msema_kweli_tu

Nimesoma wote nyie mnasifia tu, mimi sina hamu navyo hata kidogo. Mmesahau deki? Unaingiza kanda ya video inameza, unabonyeza kutoa inatoka kanda na utepe umebaki ndani umejisokota, unafungua mfuniko wa deki na bisibisi kanda ya watu. Picha ikianza kuchanikachanika juu eti hedi (kile kinachosoma utepe) chafu, futa hedi, bado chafu. Mtu anarekodi mpira juu ya kanda ya harusi halafu nyumba inakuwa na kesi. Na saa ya deki inawakawaka 12:00 miaka na miaka hakuna anayejua kuiseti.

Tena watu walikuwa wanapigana na mifumo miwili ya kanda za video. Sony walitoa Betamax 1975, JVC wakaja na VHS 1976, Betamax ilisifiwa kwa picha nzuri lakini kanda zake za mwanzo zilikuwa saa moja na VHS saa mbili, sasa filamu haiishi kwa saa moja jamani. Aliyenunua Betamax akabaki na sanduku. Eti Sony wameacha kutengeneza kanda za Betamax 2016! Mwaka huohuo mwezi wa saba Funai ya Japani nayo ikaacha deki za VHS, ndo alikuwa mtengenezaji wa mwisho anayejulikana. Mimi mpaka leo najiuliza nani alikuwa bado ananunua.

Hata hiyo rimoti mnayoilia. Zenith ya Marekani 1956 walitoa rimoti isiyotumia betri, ukibonyeza kuna kinyundo kinagonga fimbo ya alumini ndani inatoa sauti ambayo binadamu haisikii ila TV inaisikia. Kwenye makaratasi safi kabisa. Mtu akitikisa funguo au sarafu chaneli inabadilika yenyewe. Nipeni bapa langu na intaneti yangu.

fundi_spika

@msema_kweli_tu hiyo ya funguo ni kweli kabisa 😂 ila kusema ukweli kifaa unachoweza kukifungua na bisibisi ukaona kilichokwama ni kitu ambacho mimi kimenilisha. Hayo mabapa yako likifa paneli nakwambia tu kanunue jingine.

upande_wa_b

Mimi ni mtu wa kaseti, hayo ya TV nawaachia. Philips waliileta 1963, na urefu ulikuwa umeandikwa kwenye jina, C60 ni nusu saa kila upande, C90 dakika 45, C120 saa nzima. Wajanja walikuwa wanaikwepa C120 kwa sababu ili utepe wote uenee wameufanya mwembamba mno, huo ndo redio inaupenda kuutafuna.

Na kutafuna kwenyewe sababu yake ni hii. Kuna kipini na kiraba vinavyobana utepe na kuuvuta kwa mwendo mmoja, halafu kuna upande wa pili unaoupokea na kuukunja. Belti ya ndani ikilegea upande wa kupokea unasimama lakini kipini na raba bado vinasukuma tu, utepe unakosa pa kwenda unajizungushia kwenye raba. Ndo hapo unautoa taratibuuu kwa vidole unaurudisha kwa penseli au kalamu ya Bic, ya pembe sita inaingia bila kuhangaika maana tundu lina meno sita.

Betri mkuu dogo wako akubali tu. Zile za kawaida, sio alkalaini, ndani yake ni kemikali na joto linaharakisha kemikali, kuzipumzisha nako kunasaidia, unapata nyimbo kadhaa basi, ukizidisha zinavuja zinakula springi. Betri zikichoka mota inapunguza mwendo na mwimbaji wa kike anageuka mwanaume mzima. Ila kibaya zaidi ni kurekodi na betri zilizochoka halafu ukaja kusikiliza na mpya, wote mnaongea kama mmevuta gesi ya maputo.

chenga_tupu

Nimemsomea dogo, amekaa kimya, mzee kafurahi kuliko wote. Sasa @upande_wa_b nina swali la maana. Kuna kaseti za nyumbani tuliwahi kujirekodi, sauti ya bibi ipo humo. Nikiziweka tu kwenye redio yoyote nitaziharibu? Nataka kuziingiza kwenye kompyuta.

upande_wa_b

Usiweke kwenye redio yoyote kwanza. Angalia kwa mwanga, ukiona ungaunga mweupe kwenye utepe hiyo ni ukungu, usiicheze, itachafua hedi na kaseti zinazofuata. Kama ni safi angalia kile kisponji kidogo kinachokaa katikati chini, gundi yake inakauka kinadondoka na bila hicho sauti inakuwa kama mtu amefunikwa blanketi. Dawa yake unahamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine ya skrubu.

Redio ifanyie majaribio na kaseti ya nyimbo usiyoijali. Safisha hedi na kile kipini kwa spiriti na pamba. Kisha ya bibi ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote ndo ucheze, utepe uliokaa miaka unakuwa umegandana. Vunja vile vijimlango viwili vya plastiki juu ya kaseti asije mtu akabonyeza kurekodi.

Waya toa kwenye tundu la hedifoni uingize kwenye kompyuta, programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure inatosha. Usijaze sauti mpaka juu, acha nafasi. Hifadhi kwa WAV kwanza (faili kubwa lisilopunguza sauti), MP3 utatengeneza baadaye za kutumiana. Kama sauti imefifia kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, izungushe kidogokidogo mpaka herufi s zisikike kali, maana ilirekodiwa kwenye redio nyingine na hedi hazikai sawasawa.

chenga_tupu

Kompyuta yangu ina tundu moja tu lenye alama ya maiki.

upande_wa_b

Hilo halifai sana, mengi ni ya upande mmoja na yanapasua sauti. Tafuta kale kakifaa ka USB ka kuingizia sauti, hakikisha kameandikwa “line in”, yaani tundu la kupokea sauti ya redio, sio ya maiki.