Acheni kugeuza "fidla ya pili" kuwa tusi!

Wakuu, leo lazima niseme, la sivyo nitapasuka. Juzi bosi wangu kaniambia mbele ya kikao kizima, "Wewe si umezoea kupiga fidla ya pili?" Anajua fika kwamba mimi ni mpiga fidla. Watu wakaangua kicheko.

Msemo ni wa Waingereza, "play second fiddle", yaani kuwa chini ya mtu, kuridhika na nafasi ya nyuma. Maana naijua. Kinachonikera ni hii tabia ya kuutafsiri neno kwa neno na kuumwaga popote: makamu wa rais anapiga fidla ya pili, mchezaji wa akiba anapiga fidla ya pili. Wa akiba yuko benchi jamani! Sisi wa fidla ya pili tunapiga tangu mwanzo wa muziki hadi mwisho.

Kwenye okestra wapiga fidla hugawanywa safu mbili, fidla ya kwanza na fidla ya pili, kila safu na sehemu yake ya muziki; huu ni mwaka wangu wa tisa katika safu ya pili. Fidla ni ile ile, nyuzi nne zile zile. Kwenye waltzi, dansi ya mapigo matatu, wale wa fidla ya kwanza wanapiga tuni, sisi tunashika pigo la pili na la tatu. Tukiyumba kidogo tu, wanaocheza wanakanyagana miguu.

Simfoni ya Tisa (simfoni ni kazi ndefu ya okestra) ya mtunzi Beethoven, ya mwaka 1824, inaanzaje? Fidla ya pili na sello, zile ndugu kubwa za fidla zenye sauti nzito, zinatetema kwa sauti ya chini mno, ndipo fidla ya kwanza inadondosha noti mbili mbili juu yake. Konseto ya mtunzi Bach, ambamo fidla mbili ndizo zinazoongoza na okestra inazisindikiza, anayeanza kati ya hao wawili ni wa fidla ya pili.

Na Simfoni ya Sita ya mtunzi Tchaikovsky, ya 1893, sehemu ya mwisho! Siku ya kwanza kuifanyia mazoezi nilidhani karatasi yangu imekosewa. Noti zinarukaruka, tuni haipo. Nikachungulia karatasi ya wale wa fidla ya kwanza: hivyo hivyo. Kumbe tuni imegawanywa, noti moja kwao, inayofuata kwetu. Tulipopiga pamoja ikatokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaipiga. Hapo nani yuko chini ya nani?

Mtu akiwekwa nyuma, semeni yuko chini ya kivuli cha fulani, au ni msindikizaji tu. Kiswahili kinajitosheleza.

Bosi naye nitamweleza haya haya Jumatatu, mbele ya wale wale waliocheka.