Serikali halali ni ya wananchi au ya wenye mali? (Mjadala)

Kinyozi_Mabibo: Wakuu, shuleni tunaambiwa serikali inakuwa halali kwa ridhaa ya wananchi. Ila fuatilia ridhaa hiyo Uingereza ilianzaje. Charles I alikatwa kichwa 1649 baada ya ugomvi na bunge, na kodi alizotoza bila kuwauliza zilichangia sana. 1689 wakaandika kabisa, hakuna kodi bila bunge. 1694 Bank of England ikaanzishwa, wenye hela wakaikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya 8% ikapigane na Ufaransa. Toka hapo serikali ya maana ni ile inayolipa madeni na haigusi mali ya mtu. Mi naona mabepari ndo walitupangia uhalali ni nini. Mnasemaje?

Babu Kipara: Tatizo liko wapi? Anayelipa ndo anayesema. Asiyelipa kodi anataka sauti ya nini, kila siku makelele tu.

Dada Chiku: Babu shikamoo, ila hapo umetukana wengi. Nani halipi kodi? Fungua meseji ya luku ya umeme usome, VAT 18%, EWURA (wadhibiti wa nishati) 1%, REA (umeme vijijini) 3%, halafu chini kuna kodi ya jengo. Jengo lenyewe si langu!! Mi mpangaji wa chumba kimoja choo cha nje, kodi ya jengo nakatwa mimi, na mwenye nyumba anakuja kudai miezi sita yake.

Babu Kipara: Marahaba binti. Hiyo ni ya mwenye nyumba, muelewane akupunguzie kwenye pango.

Dada Chiku: Muelewane na nani? Nikifungua mdomo naambiwa vyumba viko vingi mjini.

Msomi_Njaa: Mnaenda nje ya mada lakini Chiku kagusa penyewe. Mkopo ule wa 1694 ulilipiwa riba kwa ushuru wa meli na bia. Yaani mlevi wa London hana kura, ila kila akinywa anamlipa tajiri riba. Na hoja ya Babu ni ya zamani, 1647 kwenye mjadala wa jeshi la bunge pale Putney, karibu na London, ofisa Ireton alitaka kura iwe ya wenye ardhi na wafanyabiashara wa mijini, ofisa mwenzake Rainsborough akamkatalia, hata maskini wa mwisho asitawaliwe bila kukubali mwenyewe. Na wote wawili walikuwa jeshi moja dhidi ya mfalme.

Mwana_Pangani: Huku kwetu je? Kampuni ya akina Carl Peters ilipewa hati na Kaiser 1885, kampuni ya biashara jamani, itawale watu. 1888 wakaja Pangani na bendera na ushuru wao, Abushiri akawasha moto mpaka serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann na jeshi kuja kuokoa jahazi. Ridhaa ya nani hapo?

Babu Kipara: Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Msimfanye mtetezi wa wanyonge.

Mwana_Pangani: Nimeuliza ridhaa ya nani, we umekimbilia kwa marehemu.

Dada Chiku: Babu, swali dogo tu, una nyumba za kupangisha?

Babu Kipara: Ninazo mbili Mbagala, haihusiani na mada.

Dada Chiku: NILIJUA 😂😂

Kinyozi_Mabibo: Jamani turudi 1694

Msomi_Njaa: Babu, Mbagala ipi hiyo? Miezi mitatu mitatu unapokea?