Samaki wa Mwanjelwa wabandikwe namba ya gesijoto? Nasema hapana

Mwanzisha mada, Mbeya mjini
Wakuu, mada iko mezani: samaki wanaouzwa soko la Mwanjelwa na kwenye hoteli zetu wabandikwe namba inayoonyesha kila kilo imezalisha gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, kiasi gani? Napinga, na si kwamba mabadiliko ya tabianchi hayatuhusu. Namba yenyewe itatoka wapi?

Utafiti wa Poore na Nemecek wa 2018 kuhusu gesijoto za vyakula duniani, unaonukuliwa kila kona, uliwahesabu samaki wa kufugwa tu. Wa kuvuliwa hawakuwemo. Sasa usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, apewe wastani wa nani? Halafu kipimo. Kilo moja ya perege mzima ukimtoa minofu unabaki na kama theluthi. Usipa analiwa na kichwa chake. Ukipima mzigo, perege anaonekana nafuu. Ukipima kinachoingia tumboni, hesabu inapanda karibu mara tatu. Zote mbili ni za kweli, na muuzaji atabandika inayompendeza.

Afadhali lebo iseme tu: kavuliwa kwa injini au kwa kasia, kakaushwa kwa jua au kwa kuni, kaja na barafu au mkavu.

Mchangiaji, Iringa
Mkuu, ukiondoa namba unawafungulia mlango wale wa "samaki rafiki wa mazingira". Urafiki haupimwi kwa mizani. Mtafiti Parker na wenzake, 2018 hiyohiyo, walikadiria kuwa uvuvi wa dunia mwaka 2011 ulichoma lita bilioni 40 za mafuta. Kamba, kaa na jamii yao walikuwa asilimia 6 tu ya mavuno, lakini walibeba asilimia 22 ya gesijoto. Kwa macho ungelijuaje hilo?

Mvuvi, Kyela
Kamba wa baharini tuwaachie wenye bahari. Usipa tunamvua usiku kwa taa. Karabai inakunywa mafuta mpaka alfajiri. Mwenye taa ya sola hachomi kitu. Nani ataingia mtumbwini kupima? Na mvua ya huku mnaijua. Ikishika, vichanja havikaushi, mzigo unaoza au unabanikwa kwa kuni. Ule uliooza nao ulichomewa mafuta, mnamwandikia nani? Na lebo nibandike wapi, kwenye gunia, kwenye sado au kwenye fungu la buku?

Mwanzisha mada
Kaka wa Kyela kagusa penyewe. Kilichooza lazima kigawiwe kilichouzwa: nusu ikioza, kila kilo iliyofika sokoni inabeba mzigo wa kilo mbili za kuvua. Basi kichanja chenye paa la nailoni huenda kikaokoa kuliko ubishi wetu wote wa injini. Ndugu wa Iringa, namba nakubali itumiwe na wanaopanga, halmashauri na wanaotoa mikopo ya mabwawa, mradi iandikwe imehesabu nini na imeacha nini. Kumbebesha mama wa mafungu, hapo sikubali.

Mfugaji, Rungwe
Mabwawa mmeyaruka, wakuu. Kwa samaki wa kufugwa mzigo mkubwa mara nyingi ni chakula cha dukani, soya na dagaa wa kusaga. Mimi nalisha pumba na majani, hapo nimepona. Ila tope la chini ya bwawa linatoa methani, nayo ni gesijoto, na hiyo siwezi kuipima hata kwa dawa. Mkinibandika wastani wa mabwawa ya Asia, mtakuwa mmenionea au mmenipendelea?